Wenye kituo na wenye ofisi

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 2018, Baraza la Juu la Bunge la jimbo la Victoria, kule Australia, lilikesha likibishana juu ya muswada wa zimamoto. Wajumbe wawili wa upinzani, Craig Ondarchie na Bernie Finn, waliomba udhuru wa kiimani: siku hiyo takatifu dhamiri zao haziwaruhusu kukaa kazini. Serikali ikawaelewa. Kwa desturi ya mabunge yaliyorithi taratibu za Uingereza, ikawatoa na wajumbe wake wawili ili hesabu ya kura isiyumbe. Ulipofika wasaa wa kupiga kura, wacha Mungu wale wawili wakaonekana wanaingia ukumbini. Muswada ukaanguka kwa kura 19 dhidi ya 18.

Kila ninayemsimulia kisa hiki huuliza: yote hayo kwa ajili ya zimamoto? Ndiyo. Ila moto wenyewe ulikuwa mbali na ugomvi ule. Kilichogombewa kwa miaka minne, kikamng'oa waziri, kikaifuta bodi nzima na kuingia hadi kwenye kampeni za uchaguzi mkuu wa nchi, ni swali ambalo kila mahali penye watu wa kujitolea huwa linakwepwa: kituo hiki ni cha nani?

Kwetu Tanzania swali hilo halina uzito. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lina sare, vyeo na mshahara wa serikali. Ukipiga 114 unamwita mwajiriwa. Raia anayemwaga ndoo za mchanga kabla gari halijafika ni jirani tu, na gari likifika anaambiwa asogee pembeni. Huko Victoria, ukishatoka nje ya jiji la Melbourne, huyo jirani ndiye zimamoto yenyewe. Ni fundi umeme, mwalimu wa shule ya msingi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mama aliyestaafu benki. Kiunoni ana peja, kile kidude kinacholia kumwita kazini. Ikilia saa nane usiku anaruka kitandani, anaendesha gari lake mwenyewe hadi kituoni, anavaa koti zito la njano, na wale wachache waliowahi kufika ndio wanaoondoka na gari la maji. Halipwi hata senti. Asubuhi anakwenda kazini kwake ananuka moshi.

Vikosi vyao huitwa brigedi, na taasisi inayovisimamia ni Country Fire Authority, CFA. Wakati wa ule ugomvi wanachama wa kujitolea walitajwa kuwa karibu 60,000, katika brigedi zipatazo 1,200. Si wote wanaoshika mpira wa maji. Wengine wanakaa kwenye redio ya mawasiliano, wengine wanatunza vitabu vya fedha, wengine wanapeleka chai na mikate porini saa kumi alfajiri, na yeyote aliyewahi kukesha msibani anajua kuwa hiyo nayo si kazi ndogo. Kuna jambo moja ambalo aliyezoea jeshi atalishangaa: nahodha wa brigedi hateuliwi kutoka juu. Wanachama humpigia kura, kama vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vinavyochagua mwenyekiti na mweka hazina.

Brigedi nyingi zina umri mkubwa kuliko ofisi inayozisimamia. Wakulima walianza kukusanyana kwa matawi mabichi na magunia yaliyoloweshwa kabla hapajawa na mamlaka yoyote ya kuwaagiza. Tarehe 13 Januari 1939 moto wa nyika ulilipuka sehemu nyingi za jimbo kwa siku moja. Mwisho wa msimu ule waliokufa walihesabiwa 71. Jaji Leonard Stretton aliongoza tume ya uchunguzi, ikaonekana wazi kuwa jimbo halina mkono mmoja wa kukabili moto wa mashambani. Vita ikaingilia kati, moto mkubwa mwingine ukaja kiangazi cha 1943 na 1944, ndipo CFA ikaanza kazi mwaka 1945. Ofisi, basi, haikuzizaa brigedi. Ilizikuta, ikazifunga pamoja kama mzigo wa kuni.

Mwenye brigedi halisahau hilo. Babu yake aliingia kituo kile kabla meneja wa makao makuu hajazaliwa, na picha yake bado imetundikwa ukutani. Meneja naye akitazama jengo hilohilo anaona tawi: lina namba, lina bajeti, lina fomu za kila robo mwaka. Siku za kawaida tofauti hiyo haimkeri mtu, hadi pale mmoja wao anapotaka kubadilisha kufuli.

Upande wa fedha ndiko mambo yanakochekesha, na hapa nahamia jimbo jirani la New South Wales, ambako taasisi inayosimamia brigedi ni Rural Fire Service. Sheria yao ya mwaka 1997 inasema magari na vifaa vinavyonunuliwa kwa mfuko wa kuzima moto vijijini ni mali ya halmashauri ya eneo husika. Wakaguzi wa serikali ya jimbo wakasimamia hapohapo: halmashauri lazima ziyaandike magari hayo kwenye vitabu vyao na zikate uchakavu wake kila mwaka. Halmashauri nyingi zikagoma. Gari hili, zikasema, hatukulichagua, hatuliendeshi, hatuwezi kuliuza, na siku ya moto anayeliamuru ni kamishna wa jimbo, limekuwaje letu? Zikakubali hati zao za ukaguzi zichafuke kuliko kuliandika. Ukienda kwenye brigedi yenyewe utakuta watu wa tatu, walioosha gari hilo kila Jumapili na kuuza soseji barabarani ili wanunue kifaa ambacho bajeti ilikisahau. Nao watakuambia, bila kusita, kwamba gari ni lao.

Kiangazi cha mwisho wa 2019, Australia ilipowaka kwa miezi, mchekeshaji Celeste Barber aliitisha mchango mtandaoni kwa ajili ya mfuko wa brigedi za New South Wales. Alilenga kiasi kidogo. Dunia ikamwaga zaidi ya dola milioni 51 za Australia. Wachangiaji wengi waliamini fedha hizo zingefika pia kwa waliounguliwa na nyumba, kwa mashirika mengine ya misaada, hata kwa wanyama. Mei 2020 Mahakama Kuu ya jimbo ikasema hapana: hati ya amana ya mfuko ule inataja brigedi, vifaa, mafunzo na uendeshaji, hivyo haziwezi kugawiwa taasisi nyingine. Zingeweza kusaidia wazimamoto walioumia na familia za waliofariki kazini, basi. Kisheria nadhani mahakama ilikuwa sahihi. Kinachonigusa ni kwamba katika kiangazi hichohicho kulikuwa na brigedi zilizokuwa zikichangisha zenyewe mtandaoni kununua barakoa bora za moshi kuliko zile zilizogawiwa. Anayepumua moshi alikuwa anapitisha bakuli huku mfuko wenye jina lake ukijaa.

Kuhusu malipo, watu wa mbali hukimbilia kusema: si walipwe tu? Desemba 2019 Waziri Mkuu Scott Morrison alianza kwa kulikataa wazo hilo, akisema wamechoka, ndiyo, lakini wanataka kuwa pale kutetea maeneo yao. Kabla mwezi haujaisha akageuka na kutangaza fidia ya hadi dola 300 kwa siku, isiyozidi dola 6,000, kwa waliojiajiri au kuajiriwa na biashara ndogo na za kati waliokuwa wametoka kuzima moto kwa zaidi ya siku kumi. Ilikuwa fidia ya kipato kilichopotea, si mshahara. Tofauti hiyo kwao si ya maneno. Anayelipwa anaweza kuagizwa. Asiyelipwa lazima aombwe. Uhuru huo ndio mali pekee ambayo mtu wa kujitolea anayo mbele ya ofisi, na wengi wao hawako tayari kuuuza kwa dola 300.

Lakini kuna deni ambalo ofisi haiwezi kulikimbia kwa kusema hawa si waajiriwa wangu.

Tarehe 2 Desemba 1998, karibu na mji mdogo wa Linton, Victoria, wanachama watano wa brigedi ya Geelong West walikuwa ndani ya gari lao pembeni ya moto wa nyika. Jioni iliingia, upepo ukageuka. Moto ambao ulikuwa ubavuni mwao ukawa mbele yao, kwa upana wote, kwa dakika chache. Wote watano wakafa. Uchunguzi wa vifo vyao ulichukua miaka, na taarifa yake ya mwaka 2002 ikawa kioo kwa CFA nzima: nani alijua kuwa upepo unageuka, nani alipewa taarifa hiyo, gari linapaswa kubakiza maji kiasi gani kwa ajili ya kuokoa waliomo, na mtu apate mafunzo gani kabla ya kupelekwa kwenye moto wa nyika. Tangu hapo hakuna anayepanda gari bila kupita mafunzo ya chini kabisa yaliyowekwa. Wapo wazee walionuna, kwamba wamezima moto miaka 40 na sasa wanafundishwa na kijana mwenye daftari. Wakakaa darasani hata hivyo. Nahesabu hiyo kuwa moja ya nyakati chache ambapo ofisi iliwalazimisha watu wasioweza kulazimishwa, na wakakubali, kwa sababu majina matano yalikuwa bado mabichi.

Sasa weka kando ya Linton chuo cha Fiskville, kilichofunguliwa mwaka 1972 karibu na mji wa Ballan. Vizazi vya wazimamoto, waajiriwa na wa kujitolea, vilifundishwa pale. Ili kupata moto wa kufanyia mazoezi, chuo kilikuwa kinapokea mapipa ya taka za viwandani, mengine haijulikani vizuri yana nini, yanachomwa, watu wanazima. Maji ya kuzimia yalikuwa yanazunguka palepale. Vyombo vya habari vilipofichua habari hizo mwaka 2011 kukawa na tume, kisha uchunguzi wa Bunge, na Machi 2015 chuo kikafungwa moja kwa moja baada ya kemikali za povu la kuzimia moto kukutwa majini. Mtu alikwenda pale mwishoni mwa wiki yake ya mapumziko, bila malipo, kujifunza namna ya kumwokoa jirani yake. Miaka 20 baadaye anakaa mbele ya daktari na hana kadi ya mwajiri, hana hati ya mshahara, hana pa kuonyesha kuwa aliwahi kuwa pale. Mwajiriwa aliyesimama naye kwenye moshi uleule anacho chama cha wafanyakazi.

Nadhani ugomvi wa 2016 hauwezi kueleweka bila kuukumbuka upweke huo.

Mwaka ule chama cha wazimamoto wenye mishahara, kikiongozwa na Peter Marshall, kilikuwa kinajadiliana na CFA mkataba mpya wa hali bora. Maana katika vituo vilivyozungukwa na miji inayokua, CFA ilikuwa imeajiri watu wa kudumu wakae pamoja na wale wa kujitolea. Rasimu ilikuwa na vipengele vilivyowasha cheche: waajiriwa wasiopungua saba wawe wametumwa kabla kazi ya kuzima haijaanza katika maeneo ya vituo hivyo, mabadiliko mengi ya uendeshaji yapate ridhaa ya chama, na waajiriwa wapokee amri, kwa sehemu kubwa, kutoka kwa waajiriwa wenzao. Waziri Mkuu wa jimbo, Daniel Andrews, akaunga mkono. Waziri mwenye dhamana, Jane Garrett, akakataa na kujiuzulu Juni 2016. Siku hiyohiyo bodi ya CFA ikafutwa. Mtendaji mkuu naye akaondoka, kisha mkuu wa operesheni. Mabango ya kudai CFA iachwe yakatundikwa kwenye ua za mashamba na milango ya vituo.

Mimi si miongoni mwa wanaokilaumu chama. Saba ni hesabu ya usalama: wawili wanaoingia ndani ya nyumba inayoungua wanahitaji wa kuwashikia maji, wa kuendesha pampu, wa kuamuru, na wa kuingia kuwatoa wakikwama. Kazi ya chama ni kuwatetea wanachama wake, na kiliifanya. Waliosema kwamba nyumba itaachwa iungue huku watu wa kujitolea wakihesabu vichwa hadi saba walitia chumvi, na baadhi yao walikuwa wanasiasa waliojua wazi wanachokifanya. Malcolm Turnbull, aliyekuwa anautaka tena uwaziri mkuu wa nchi, alilibeba suala hilo mashambani na mijini kabla ya uchaguzi wa Julai 2016, na baada ya kushinda akapitisha sheria ya kuzuia mikataba ya aina hiyo isiwabane watu wa kujitolea wa huduma za dharura.

Kosa lilikuwa kwingine. Mkataba wa hali bora una pande mbili, mwajiri na waajiriwa. Sheria ya kazi haina kiti cha tatu. Mwenye kujitolea si mwajiri wala si mwajiriwa, kwa hiyo mambo ya kituo alichokijenga babu yake yalikuwa yanaandikwa mezani na watu wawili, yeye akiwa uani. Karatasi pekee aliyokuwa nayo ni ile waliyoiita Hati ya Wanaojitolea, iliyoingizwa kwenye sheria ya CFA mwaka 2011, inayoitaka serikali na CFA kushauriana nao juu ya jambo lolote linaloweza kuwagusa. Chombo chao, Volunteer Fire Brigades Victoria, kiliichukua hati hiyo hadi mahakamani mwaka 2016 na kupata zuio la muda dhidi ya mkataba. Serikali iliishughulikia hati ile kama salamu za Krismasi ilhali kumbe ilikuwa sheria. Wangeitwa mezani mapema, hata bila kura, naamini nusu ya mabango yale yasingechapishwa. Watu hawa wanaweza kushindwa hoja na wakaendelea kuja usiku. Wasichovumilia ni kusikia uamuzi kwenye redio.

Andrews alishinda uchaguzi wa jimbo Novemba 2018 kwa kishindo, hivyo tusidanganyane kwamba brigedi zina nguvu ya kuangusha kila serikali. Mwaka 2019 ule muswada ulioanguka usiku wa Ijumaa Kuu ulirudi na kupita. Kuanzia tarehe 1 Julai 2020 waajiriwa wa vituo 38 vya CFA waliunganishwa na zimamoto ya Melbourne kuwa taasisi mpya, Fire Rescue Victoria, na CFA ikabaki kuwa ya watu wa kujitolea. Sheria hiyohiyo ilibeba kitu ambacho hakuna mwenye akili angekipinga: mzimamoto, awe wa kujitolea au mwajiriwa, akipata aina fulani za saratani, ichukuliwe kuwa zimetokana na kazi hadi ithibitishwe vinginevyo. Ndipo ladha ya Fiskville inaporudi mdomoni. Haki ambayo ilipaswa kuja peke yake, na mapema, ilifungwa kwenye furushi moja na talaka; ukitaka moja, unameza vyote.

Kwa makao makuu utaratibu umenyooka. Kwa brigedi za pembezoni mwa jiji, mashaka yangu ni makubwa. Kinachozimaliza hakikuwahi kuwa mkataba wala chama. Shamba limekatwa viwanja, waliohamia wanaamka saa kumi na moja kwenda Melbourne na kurudi jioni, na saa tano asubuhi peja inalia katika mtaa uliojaa nyumba na usio na mtu. Hakuna hati inayotibu hilo. Ndiyo maana waajiriwa waliletwa tangu mwanzo.

Sisi huku tumeyaona haya kwa kiwango chetu. Oktoba 2020 Kilimanjaro ilipowaka, waliopanda kuungana na askari wa hifadhi na zimamoto walikuwa mamia: wanavijiji, waongoza wageni, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wakipiga moto kwa matawi mabichi kama wale wakulima wa Victoria wa enzi za kina babu. Moto ulipokwisha wakashuka, wakashukuriwa, wakaenda zao. Hakuna kituo walichoacha kule juu wala nahodha waliyemchagua. Brigedi za aina ile huanza hivyo, kwa watu kukataa kutawanyika baada ya moto kuzimwa, na nadhani wakubwa wengi, hapa na kwingine, hupumua wanapoona wametawanyika.

Kwenye vile vituo 38, talaka ilikuwa ya kubaki nyumba moja. Jengo ni lilelile. Upande mmoja wanakaa waajiriwa wa Fire Rescue Victoria kwa zamu, saa 24. Upande wa pili ni brigedi ya CFA, na kabati zao, na picha za wazee ukutani. Simu ikija huita pande zote mbili. Waajiriwa wanatakiwa kuwa barabarani ndani ya sekunde 90 hivi. Mwenye kujitolea anatoka nyumbani kwake, anapita taa mbili za barabarani, anaegesha. Mara nyingine anakuta gari la upande wa pili limeshaondoka. Anavaa koti lake, anafungua redio kusikiliza kama watahitaji watu zaidi, na anasubiri mwenzake wa tatu afike ili nao watoke.